Sura ya Sita: Tawi la Vipepeo

Uani kwetu Tanga palikuwa na mdimu mmoja, wenye miiba mirefu na kivuli cha kumtosha mtu mmoja na mbuzi yake ya kukunia nazi. Mvua za masika zikishaanza, majani mapya yalichipua laini, na baada ya siku chache tuliwaona wageni wake: viwavi wadogo, weusi wenye doa jeupe mgongoni, wanaofanana kabisa na kinyesi cha ndege. Ukimgusa mmoja kwa kijiti, alichomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikakupiga puani. Sisi watoto tulishindana nani atatoa pembe nyingi. Mama hakuona mchezo wowote. Kwake kila kiwavi ni majani yaliyoliwa, na majani yaliyoliwa ni ndimu zisizofika kwenye mtungi wa achari.

Aliwapangusa kwa ufagio wa chelewa, nasi tukalia. Siku moja akachoka na vilio vyetu, akaweka amri. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akakifunga kwenye tawi la chini kabisa, upande wa bafu. "Tawi hili nimewaachia. Hao wadudu wenu wahamie huku. Nikimwona hata mmoja juu ya kitambaa, msinililie."

Tuliwahamisha mmoja mmoja, pamoja na majani waliyokuwa wameyashika. Waliobaki hai walinenepa, wakageuka kijani, kisha wakajifunga kwenye vijiti kwa uzi mwembamba uliowapita kiunoni kama mkwezi wa mnazi. Asubuhi moja kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano alikuwa juu ya kamba ya nguo, akikausha mbawa zake.

Wanasayansi humwita Papilio demodocus. Anaonekana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, popote penye mchungwa au mdimu, wala hahitaji sheria ya kumlinda. Nimeanza naye kwa sababu tangu siku hizo nimesoma sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili ya vipepeo walio hatarini kutoweka, na ni chache zilizofikia busara ya kile kitambaa cha kanga. Mama hakutoa amri juu ya kipepeo. Alitoa amri juu ya tawi.

Mtu mwenye wavu

Sheria humwona kipepeo kwa urahisi zaidi akiwa mkononi mwa mtu. Mwenye wavu anaonekana, ana jina, anaweza kukamatwa na kupelekwa mahakamani pamoja na kielelezo. Ndiyo maana sheria nyingi za mwanzo zililenga wakusanyaji, wale wanaowachoma vipepeo sindano na kuwapanga kwenye makabati ya vioo.

Mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kufanya kazi mwaka 1975. Kazi yake iko mipakani: nani anasafirisha nini, kwa kibali gani. Vipepeo waliomo kwenye orodha zake ni wachache, na wengi wao ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Mashuhuri kuliko wote ni kipepeo wa Malkia Alexandra wa Papua New Guinea, mkubwa kuliko vipepeo wote duniani. Mbawa za jike zikitandazwa hupita sentimita 25. Yumo kwenye orodha kali kabisa, na biashara ya kumuuza nje imefungwa. Lakini sehemu ya msitu wake katika mkoa wa Oro ikifyekwa ili kupanda michikichi, mkataba huo hauna la kusema. Shoka halivuki mpaka.

Sisemi kwamba wakusanyaji hawana madhara. Kipepeo aliyebakiwa na eneo la ukubwa wa uwanja wa mpira anaweza kumalizwa na watu wawili wenye nyavu kwa msimu mmoja. Ila mahali penye majani ya kutosha, jike mmoja hutaga mayai mengi, na wengi wa watoto wake huliwa na ndege, buibui na nyigu hata kama hakuna binadamu aliyepita hapo. Msitu ukiwa mzima, hasara hiyo hufidiwa kila msimu. Jani likishatoweka hakuna pa kutagia hata yai moja, na msimu wa kufidia haupo tena.

Uzio wa Waingereza

Waingereza walijifunza hilo kwa gharama. Walikuwa na kipepeo wa buluu, Phengaris arion, aliyependwa mno na wakusanyaji. Idadi yake iliposhuka, lawama zikawaangukia wao, na sehemu mojawapo alimobaki ikazungushiwa uzio ili watu wasiingie. Uzio ukawazuia watu, ukawazuia na mifugo. Ndani yake majani yakarefuka, na kipepeo akatoweka.

Sababu ilikuja kueleweka baadaye, kutokana na kazi ya mwanasayansi Jeremy Thomas, aliyeanza kuwachunguza waliosalia miaka ya 1970. Kiwavi wa kipepeo huyu hula maua ya thaimu kwa wiki chache tu, kisha hujiangusha chini na kungoja. Sisimizi mwekundu humkuta, akadanganyika kwamba ni mtoto wa ukoo wake aliyepotea, akambeba hadi kichuguuni. Huko mgeni huishi miezi kumi hivi akiwala watoto wa mwenyeji wake. Lakini si kila sisimizi anafaa. Anayefaa zaidi ni wa spishi moja, Myrmica sabuleti, naye hupenda udongo wenye joto, yaani mahali ambapo nyasi zimeliwa zikawa fupi na jua linafika chini.

Kazi ya kufupisha nyasi ilifanywa na kondoo na sungura. Miaka ya 1950 ugonjwa ukawafagia sungura, na mifugo ikapungua kwenye vilima vile. Nyasi zikapanda sentimita chache, udongo ukapoa, sisimizi wakahama. Mwaka 1975 Bunge la Uingereza likamwingiza kipepeo huyu kwenye orodha ya viumbe wasioruhusiwa kuuawa wala kukamatwa. Mwaka 1979 akatangazwa kuwa ametoweka nchini humo. Alikufa akiwa na ulinzi kamili wa sheria.

Alirudishwa miaka ya 1980 kwa mbegu kutoka Uswidi, baada ya mifugo kurejeshwa malishoni na nyasi kufupishwa, na leo anaruka tena kusini-magharibi mwa Uingereza. Aliyemrudisha, kwa maana fulani, ni ng'ombe.

Kiwanja cha Knysna

Afrika Kusini walikwenda hatua mbele: walikilinda kiwanja chenyewe. Kipepeo wa Brenton, Orachrysops niobe, mdogo, wa buluu, alielezwa kisayansi karne ya 19 kutokana na vielelezo vya eneo la Knysna, kisha akapotea machoni mwa watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1991 alipatikana Brenton-on-Sea, kando ya bahari, kwenye ardhi iliyokuwa imeshapangiwa nyumba za kuishi. Kiwavi wake hula mmea mmoja tu wa jamii ya kunde, Indigofera erecta, kwanza majani, halafu mzizi chini ya ardhi, akihudumiwa na sisimizi.

Wapenzi wa vipepeo walipiga kelele kwa miaka kadhaa. Waziri wa mazingira wa wakati huo, Pallo Jordan, akatumia mamlaka aliyopewa na sheria kusimamisha ujenzi, na mwaka 1998 serikali ikakinunua kiwanja hicho. Mwaka 2003 kikatangazwa kuwa hifadhi maalumu, takribani hekta 15, kwa ajili ya mdudu ambaye mbawa zake hazifiki upana wa vidole vitatu. Kwa mwanasheria wa mazingira huo ni ushindi wa kufundishia darasani: kiumbe kimepata ardhi yake, na ardhi imepata jina.

Juni 2017 moto mkubwa uliikumba Knysna, ukaiteketeza karibu hifadhi yote. Vipepeo wachache walionekana baada ya hapo, na tangu mwishoni mwa mwaka huo hajaandikwa tena aliyeonekana. Mayai yote yalikuwa kwenye kapu moja, na kapu lenyewe lilikuwa dogo. Kiumbe kilichosukumwa hadi kipande cha mwisho cha ardhi hakiokolewi na hati ya kipande hicho peke yake. Hati hiyo ingeandikwa wakati vipande vilikuwa bado vitano au kumi, moto mmoja usingeweza kuvifikia vyote.

Msitu na jirani yake

Huku kwetu pwani, sheria ya kulinda makazi ya viumbe ni ya zamani kuliko gazeti la serikali. Wamijikenda wana kaya, misitu iliyobaki kuzunguka makao ya mababu, na wazee wa kaya walikataza kukata mti humo kabla hajafika bwana misitu yeyote. Aliyevunja mwiko alilipa faini ya mnyama, na tambiko likafanywa. Hakuna mwiko niliousikia unaomtaja kipepeo. Hata hivyo vipepeo wa msitu wa pwani wamo ndani ya kaya hadi leo, wamehifadhiwa kwa deni la miti. Kuanzia mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 kadhaa kati yake zikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Jirani na kaya hizo, kati ya Kilifi na Malindi, upo Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420 na pande kubwa kuliko yote lililosalia la msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Humo kuna mirihi na mibambakofi, sange mwenye kiuno cha dhahabu, na zaidi ya aina 200 za vipepeo. Kisheria ulikuwa umelindwa tangu enzi za mkoloni. Kijamii hali ilikuwa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa wanaoishi pembeni walitaka sehemu ya msitu ikatwe wagawiwe mashamba. Nao hawakuwa na chuki na miti. Tembo walitoka humo usiku wakala mahindi yao, na wao wakiingia kuchukua nguzo moja ya nyumba walikamatwa. Kwa macho yao msitu ulikuwa jirani anayeazima kila siku na hajawahi kurudisha.

Mwaka 1993 ulianza Gede, penye magofu, mradi unaoitwa Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wazo lake ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Mfugaji anakamata majike wachache msituni kwa kibali, anawaweka kwenye kizimba cha chandarua nyuma ya nyumba, anapanda ndani yake miche ya mimea ambayo viwavi wao hula. Mayai yanatagwa kwenye majani, viwavi wanakatiwa majani mabichi kila siku, na wanapojifunga kuwa pupa, ile hatua ya ukimya kabla ya mbawa, hubanduliwa na kupelekwa Gede kuuzwa. Kutoka hapo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka.

Ukimweka pupa kwenye kiganja ndipo unapoielewa biashara hii. Ni mwepesi kama ganda la karanga. Ukimgusa kiunoni hutikisika mara moja, akatulia tena. Amefungashwa kwenye pamba kama yai, na saa yake imeshaanza kuhesabu: ana wiki moja, au mbili zikizidi. Ndege ikichelewa, stakabadhi ya forodha ikikosa muhuri, mbawa zitafunguka ndani ya boksi, gizani, na kazi yote ya mfugaji itapukutika pale. Ndiyo sababu mfugaji wa vipepeo anaijua sheria ya usafirishaji kuliko mawakili wengi wa mjini.

Anaujua na msitu. Majike wa mbegu hutoka humo, na mimea mingi ya kulishia haina pengine pa asili. Msitu ukiisha, kizimba kinakuwa chandarua kitupu. Mwaka 2005 Kenya ilitunga sheria mpya ya misitu iliyotambua vyama vya jamii katika usimamizi, na ile iliyoifuata mwaka 2016 ikaendeleza njia hiyo. Sheria hizo zilimkuta Gede mtu ambaye tayari alikuwa na sababu ya kukaa mezani.

Twiga na pupa

Ng'ambo ya mpaka, Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mbegu hiyo hiyo ilipandwa mwaka 2001. Amani ni milima yenye ukungu, chai, iliki na msitu wa mvua wenye viumbe wasiopatikana pengine popote. Mwaka 1997 zaidi ya hekta 8,000 zilikuwa zimetangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaongeza kitu muhimu: kijiji nacho kinaweza kuwa na msitu wake kisheria. Lakini tangazo la hifadhi lina upande wa pili. Katika ukanda wa Derema, uliotengwa ili kuunganisha vipande vya msitu, wakulima wa iliki waliacha mashamba yao, na fidia ilichukua miaka kuwafikia.

Katika mazingira hayo, Mradi wa Vipepeo Amani ulileta fedha ambazo hazikuhitaji panga. Mamia ya wanavijiji, wanawake wengi miongoni mwao, walijifunza kufuga. Sehemu kubwa ya mauzo ilikwenda kwa mfugaji, na fungu fulani kwenye mfuko wa maendeleo ya kijiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha wafugaji na majirani zao wasiofuga. Wafugaji walishiriki zaidi katika kazi za kuhifadhi msitu, na waliona wazi kwamba kipato chao kimeshikamana na miti.

Ndipo ukaja mwaka 2016. Tanzania ilikuwa na donda la muda mrefu la wanyama hai kutoroshwa. Mwaka 2010 twiga na wanyama wengine walipandishwa ndege Uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Uarabuni, na neno "twiga kupanda ndege" likawa msemo wa mitaani. Mwaka 2016 likazuka sakata jingine, la tumbili. Serikali ikafunga mlango wote: marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki, na hatua ilikuwa na sababu.

Ila marufuku haikumtofautisha twiga na pupa. Mfugaji wa Amani aliyelala mwenye oda ya Ulaya aliamka mwenye kizimba kilichojaa viwavi wasio na soko. Vipepeo walilindwa, kwenye karatasi, kuliko wakati wowote. Aliyepoteza ni yule mwanakijiji aliyekuwa na sababu ya kila siku ya kutaka msitu ubaki. Juni 2022 lilitangazwa dirisha la miezi sita la kuuza wanyama waliokuwa wamebaki mikononi mwa wafanyabiashara. Kelele zikapigwa, nalo likafungwa ndani ya siku chache. Katika mjadala ule nilisikia sana habari za simba na tumbili. Kuhusu viwavi sikusikia neno.

Tofauti ambayo marufuku iliiruka si ngeni kwa sheria. Vibali vya CITES vyenyewe hueleza kama mnyama ametolewa porini au amezaliwa kizimbani. Kwa kipepeo tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Anayemnyakua msituni anapunguza. Anayemfuga nyuma ya nyumba analazimika kupanda. Sheria inayowaweka wawili hawa kwenye kifungu kimoja imetazama mbawa, haikutazama mikono.

Kitambaa cha kanga

Kama ningeombwa kuandika sheria ya vipepeo, kifungu cha kwanza kingetaja majina ya mimea. Kipepeo fulani, mmea wake, sisimizi wake kama yupo, urefu wa nyasi anaotaka. Kingefuata kifungu cha ardhi: vipande vingi vilivyounganishwa, si kimoja cha mwisho. Halafu jirani: anapata nini mwaka huu, na nani anamlipa akihamishwa. Mtu mwenye wavu ningemwachia kifungu kifupi karibu na mwisho, chenye faini ya kumtosha.

Huenda wanasheria wangesema hiyo ni sheria ya misitu, ya ardhi na ya biashara, imevishwa nguo ya kipepeo. Ningewakubalia. Amri ya Mama nayo ilikuwa hivyo: ilionyesha mpaka, ikawapa watoto kazi ya kufanya na sababu ya kuifanya, ikamwachia mwenye mti ndimu zake. Ilidumu miaka kadhaa bila askari.

Mdimu ule haupo tena. Tulipoondoka, nyumba ilipangishwa, na mpangaji akahitaji pa kuegesha pikipiki. Alipiga simu kuomba ruhusa kwanza, mtu muungwana, na Mama akakubali. Mti ulikuwa umeshazeeka. Kitambaa kilikuwa kimeoza zamani, na pale uani hapakuwa na aliyejua kilifungiwa nini. Mti ulikatwa mchana mmoja. Hakuna kipepeo hata mmoja aliyeuawa.